Kazi Iliyobaki Kondele

Nilishuka kwenye bodaboda pale Dunga, ufuo wa samaki Kisumu, saa tatu asubuhi, laptopu ya kuazima begani, niwaonyeshe akina mama wa samaki programu ya kuweka hesabu za mbuta na omena. Mmoja akainama kwenye skrini: "Na ile bei ya jioni umeiweka wapi, mwanangu?" Nikafungua ukurasa. Hakuna. Kazi ya siku tatu haipo!

Haikupotea, ilibaki nyumbani Kondele, kwenye laptopu yangu. Usiku stima ilipotea, betri yangu ikawa inakata roho, nikaandika git clone mbio mbio kuelekea flashi, nikalala. (Git ni programu inayotunza historia ya kazi ya msimbo, na clone ni amri yake ya kunakili mradi.) Git haikunionea. Klooni, yaani nakala hiyo, huchukua yaliyokomitiwa tu, yale uliyoiambia Git iyaweke kwenye historia. Uliyoandika bila kukomiti hukaa kwenye folda yako. Ningeangalia git status, amri ya kuonyesha hali ya faili, ningeona faili zangu zimeandikwa kwa wekundu.

Rafiki yangu anasema ningenakili folda nzima, yaishe. Sawa, ila ukiandika cp -r *, amri ya kunakili, ile nyota inairuka .git, folda yenye historia, kwa kuwa imefichwa, nawe unabaki na faili zisizo na historia. Na hata ukiibeba, kesho una folda mbili, kila moja na marekebisho yake, na hujui ipi ni ipi. Stashi nayo, pale Git inapokuwekea kando kazi isiyokomitiwa? Haibebwi na klooni, na faili mpya haizigusi mpaka uongeze -u. Watu wa Subversion, programu nyingine ya kutunza historia, wana svn copy, ambayo hunakili faili pamoja na mabadiliko yasiyokomitiwa. Git haina amri ya namna hiyo.

Mimi nawalaumu wanaowafundisha vijana kwamba komiti lazima iwe safi kama shati la Jumapili. (Nami nimo, nimewahi kumcheka mtu kwa komiti yenye ujumbe "bado".) Kijana anaona haya, anakaa na kazi mkononi siku tatu. Fungua tawi lako, njia ya pembeni ya mradi isiyogusa kazi kuu, komiti hata kama programu haiwaki, sukuma kwenye seva kabla ya kufunga laptopu. Komiti hizo utazipanga upya baadaye kwa amri ya git rebase -i, na hakuna atakayejua ulikuwa unababaisha.

Nilirudi Kondele, nikakomiti, nikasukuma, nikapanda boda tena. Nilipofika Dunga yule mama alikuwa ameshauza, beseni limefunikwa. Hesabu zake alikuwa ameziandika kwa kalamu nyuma ya pakiti ya unga.