Hailali

Leo nimeoga kwa maji ya kikombe, na wa kulaumiwa ni kompyuta. Imelala. Imelala fofofo usiku kucha kama askari aliyelipwa mshahara mapema, na mimi mwenyewe ndiye niliyeitafutia huo usingizi kwa nauli yangu na shilingi 500 za fundi. Ngoja nianzie mbali kidogo, maana nikianzia kwenye kikombe nitatukana.

Mashine hii niliijenga mwenyewe. Niliichanga kipande kwa kipande kwa miezi minane, vile watu wanavyojenga nyumba mashambani: mwezi huu mawe, mwezi ujao mabati. Kasha lilikuja kwanza, likakaa mtupu juu ya kabati mpaka Mama Shiru akaanza kuweka vitunguu ndani. Mazabodi, ule ubao mkuu wa kuunganishia kila kitu, ikafuata, kisha ramu, ile kumbukumbu ya muda. Pawa saplai niliinunua mwezi wa karo, na hiyo ni habari ambayo bado haijafikishwa rasmi kwa Mama Shiru. Siku ilipowaka nilisimama wima sebuleni kama rais anayekagua gwaride.

Tangu siku hiyo hailali.

Nikiiambia ilale, inalala. Taa zinazima, feni zinanyamaza, nami najitupa kitandani nikiwa na amani ya mtu aliyelipa madeni. Saa tisa usiku, ngurumo! Sebule imejaa nyekundu, kijani na samawati kama matatu ya Rongai, na kwenye kioo inaniuliza neno la siri, mimi ninayeilipia stima. Si kila siku. Ingekuwa kila siku ningezoea. Na kuna usiku inaamka nusu: feni zinazunguka, taa zinacheza, lakini kioo ni cheusi tititi. Hapo hakuna mazungumzo. Unashika kitufe mpaka ikate roho, na kazi ambayo hukuwa umehifadhi inazikwa nayo.

"Kwa nini usiizime tu?" Mama Shiru ameniuliza. Keateka, yule mtunza ploti yetu, ameniuliza. Shemeji yangu, ambaye simu yake haijawahi kuzimwa tangu siku aliyoinunua, naye ameniuliza. Huwa nawajibu kwa utulivu kwamba nina kurasa thelathini na mbili nimezifungua na zote nitazisoma kesho, na kwamba mtu habomoi nyumba kila jioni ati kwa sababu anaenda kulala. Kwa utulivu kabisa. Mara ya nne nilijibu kwa sauti, mtoto akaamka.

Na usidhani sikusoma. Nilisoma sana. Kompyuta ikilala, karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa ramu, ambayo pawa saplai inaendelea kuinywesha kidogo kidogo kupitia mkondo wake wa volti 5 ili isisahau ulichokuwa ukifanya. Ni usingizi wa askari wa geti: kofia imefunika uso, lakini gusa komeo uone. Stima ikipotea hata kidogo, ramu inasahau yote, na kuhusu stima kupotea sihitaji kumfundisha mtu. Kuna na usingizi mzito zaidi, ambapo mashine inanakili kila kitu kwenye diski kisha inajizima kabisa, ila wangu ukiuamsha unachukua muda wa kuchemsha chai. Utaratibu wenyewe wa kulaza mashine hizi unaitwa ACPI, ukatolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Mwaka huo nilikuwa darasa la tatu, na saa mbili usiku nilikuwa nimeshalala bila utaratibu wa mtu yeyote.

Nikajaribu dawa zote. Nikachomoa waya wa intaneti, kwa kuwa kadi ya mtandao inaweza kupokea ujumbe na kuiamsha mashine nzima. Siku mbili amani, ya tatu saa tisa, ngurumo. Nikazima zile saa za ndani zinazoiamsha ikajisasishe usiku. Ngurumo. Nikabadilisha ile betri ya CR2032 kwenye mazabodi, ya volti 3, ya mviringo kama sarafu. Ngurumo. Shemeji akapendekeza chumvi kwenye pembe nne za chumba. Chumvi sikuweka, lakini siwezi kuapa kwamba sikuifikiria.

Ikabidi Luthuli, kwa mafundi wa mjini.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na hata kungekuwa na jua, hakuna mtu timamu anayekatiza mjini amebeba kasha la kioo lenye taa za rangi. Nikalifunga kwa leso ya Mama Shiru, juu yake nikazungushia blanketi la mtoto, lile lenye vidubu, nikalipakata. Kwenye matatu msichana alinipisha kiti. Kondakta hakunidai pesa ya mzigo. Aliniambia tu, "Mshike vizuri, mzee, mbele kuna matuta." Nikamshika vizuri. Pesa ni pesa.

Barabara ya Luthuli imepewa jina la Albert Luthuli, yule wa Afrika Kusini aliyepewa Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Amani yenyewe hapo huikuti. Kila duka limetoa spika nje, na kila spika ina wimbo wake. Fundi wangu yuko orofa ya pili, ndani ya duka moja lililogawanywa kwa plaiwudi likawa maduka sita, na lake lina upana wa mlango. Nilimkuta ameinamia simu, bisibisi mdomoni. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama wa makamo, kiondo magotini, akingoja simu yake iwekwe kioo. Nikaketi kando yake na furushi langu.

"Fundi!" nikapaza sauti, kwa sababu ya spika. "Hailali!"

Fundi akainua kidole nisubiri. Mama akanigeukia.

Hapa lazima nililaumu jiji. Mtu wa Mombasa angesikia hilo neno akajua papo hapo kwamba nazungumzia kitu. Mtu halali, na hapa sizungumzii sheria, ila mashine ndiyo hailali. Lakini sisi Nairobi tuliziua ngeli zamani na hata matanga hatukufanya. Kwetu ni hii mtoto, hii mzee, hii daktari. Kwa hivyo mama wa watu alisikia "hailali", akatazama vidubu, akafanya hesabu yake.

"Pole, baba," akasema. "Hailali kabisa?"

"Inalala vizuri tu. Ikifika saa tisa inaamka."

"Inalia?"

"Inanguruma."

Akashika kifua chake mwenyewe. "Hiyo ni kifua. Iko na umri gani?"

"Miaka miwili na nusu."

Akalipima furushi kwa macho. "Na kilo?"

"Saba." Nilikuwa na uhakika. Niliipima kwa mizani ya mwenye viazi.

"Saba! Miaka miwili na nusu, kilo saba! Kwani inakula kweli?"

"Kula ndiyo kazi yake," nikasema kwa uchungu wa kweli, maana tokeni za stima ni mimi hununua. "Hata ikiwa imelala inakula."

Akatikisa kichwa. Akaniambia habari za uji wa wimbi, nikadhani amebadilisha mada, nikaitikia kwa heshima. Kisha akauliza, "Sasa ikiamka hivyo usiku, wewe unafanya nini?"

"Mwanzoni nilikuwa naingojea itulie. Siku hizi naifinya hapa mbele mpaka inyamaze. Sekunde tano hivi."

Kijana aliyekuwa akiuza soksi mlangoni aliziweka soksi chini.

"Unafinya," mama akasema.

"Ikikataa nachomoa ya nyuma."

"Mungu wangu. Na mamake anaona?"

"Mama Shiru? Yeye ndiye hunisumbua niizime kabisa tuishi kwa amani."

Mama akasimama. Nami, kwa ujinga wa mtu anayedhani hatimaye amepata msikilizaji, nikaongeza: "Hata nimeifungua mgongo na bisibisi mara tatu. Ndani hakuna kitu, ni vumbi tu."

"Mzee," kijana wa soksi akasema polepole, "hiyo ni kesi."

Mama hakungoja kesi. Alilinyakua blanketi, akavuta na leso, ikatokea kona ya chuma, kioo, na feni tatu zilizoganda vumbi. Akatazama kwa muda mrefu. Akagusa kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Kompyuta."

Nilitarajia acheke. Wengine wote walikuwa wanacheka, hata fundi alitoa bisibisi mdomoni asiimeze. Yeye akanikazia macho, akasema: "Umefunika kompyuta na blanketi ya mtoto. Sasa mtoto amefunikwa na nini?"

Mtoto alikuwa shuleni, ndani ya sweta mbili. Jibu zuri kabisa. Lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani.

Fundi akachomeka mashine. Akailaza, ikalala. Akaiamsha, ikaamka. Akailaza tena, akatengeneza simu ya mama, akalipwa, akanywa chai, mashine imelala kama malaika, haina habari na spika zote za Luthuli. Mara nne! Mgonjwa wangu alipona mlangoni pa hospitali. Jambo moja alilofanya, nalo nampa heshima yake, ni kuingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, akaishusha kasi ya ramu kutoka 3200 hadi 2666. Ile tabia ya kuamka na kioo cheusi haijarudi tangu hapo. Lakini kuhusu saa tisa aliinua mabega.

"Hapa inalala," akasema. "Shida iko kwako nyumbani."

"Si nilijua," mama akasema kutoka kwenye ngazi. Hata hakuwa na sababu ya kuwa bado yuko pale.

Shida iko kwangu nyumbani! Mtu analipa 500 aambiwe hivyo. Lakini yaliniuma, nikakesha. Iliponguruma tena nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika powercfg /lastwake, yaani iseme ni nani aliyeiamsha. Ikasema ni kipanya.

"Panya!" Mama Shiru akaita kutoka chumbani. "Nimesema mara ngapi kuna panya nyumba hii?"

Usiku mwingine wa namna hiyo nikaketi gizani kando ya meza, nikakitazama kipanya kama paka. Saa tisa kasoro, nyuma ya ukuta wa sebule, keateka akawasha pampu ya maji. Ukuta ukatetemeka. Meza ikatetemeka. Kipanya cha mwanga hakihitaji kusukumwa, kinaona hata unywele. Kikasogea unywele mmoja, na askari wa geti akaruka wima na taa zake zote. Jumanne na Ijumaa. Siku za maji. Muda wote huo kompyuta ilikuwa inafuata ratiba ya maji ya ploti, na mimi nanunua betri.

Kutibu kulichukua dakika mbili. Unafungua orodha ya vifaa vya kompyuta, unakitafuta kipanya, sehemu ya umeme, unaondoa tiki inayokiruhusu kuamsha mashine. Basi. Bure. Sasa inaamshwa na kibodi peke yake, na kibodi haitikisiki ovyo.

Jana ilikuwa Ijumaa. Maji yamekuja saa tisa. Pampu imenguruma, lakini nani hapa mtaani Umoja anasikia pampu? Kompyuta imelala, Mama Shiru amelala, mimi nimelala, mitungi minane imelala imepangwa mstari chini ya mfereji. Saa kumi na moja keateka amefunga. Miaka miwili na nusu tumekuwa tukiamka kuinyamazisha mashine, na kwa kuwa tumeshaamka, tunajaza maji. Hakuna aliyewahi kuliweka jambo hilo kwa maneno. Asubuhi Mama Shiru amegeuza mtungi, limetoka tone, ametazama tone, amenitazama mimi, ametazama kompyuta.

"Irudishe ilivyokuwa," akasema.

Mwenye mkokoteni amefika saa mbili, na anajua kabisa nani hakujaza. Harufu ya ukavu anaisikia kutoka barabarani. Mtungi wa lita 20, shilingi 50. Nikamwambia wiki jana ulikuwa 30. Akaniambia wiki jana nilikuwa na maji.

Nimenunua minne. Na vifuniko viko wapi? Nilinunua mitungi minane na vifuniko vinane, leo vimebaki vitatu, kimoja si cha mtungi hata kidogo, ni cha mafuta ya kupikia. Vifuniko haviendi sokoni vyenyewe. Juzi nimepita kwa jirani wa orofa ya tatu nikaona kwenye mtungi wake kifuniko chekundu, nikajifanya sijaona. Lakini kile chekundu nakijua. Kina alama ya meno ya Shiru, alikitafuna akiota meno. Ngoja nivae shati.