Waacheni Watoto Warushiane Maji

Ujumbe wa sauti uliingia kwenye grupu la wazazi wa mtaa wetu Jumapili asubuhi, na ulikuwa mrefu kiasi cha mtu kumaliza kukaanga chapati akiwa bado anausikiliza. Kwa ufupi: Jumamosi jioni watoto walichezea maji uani, wakaloa chapachapa, wakapiga kelele, na mtoto wa mwenye ujumbe akarudi kwao na kaptula inayochuruzika. Kwa hiyo sisi tuliokuwepo hatujui malezi. Kwa hiyo watoto watapata nimonia. Akamalizia kwa kutuusia kwamba mtoto aliyelelewa vizuri haguswi na maji ila kwa kuoga, tena mara mbili kwa siku.

Haya. Ni Januari, tuko Dar es Salaam, mabati yanawaka, feni inasukuma hewa ya moto kutoka kona moja ya chumba kwenda nyingine. Watoto wameshaangalia katuni mpaka wanajua matangazo kwa kichwa. Tuliwamwagia maji, ndiyo. Mlitaka tuwamwagie nini?

Na kwa faida ya wale waliopata habari kwa kusimuliwa, mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mistari miwili ya watoto. Mbele ya kila mstari ndoo ya lita 20, nyuma dumu tupu la lita tano. Kopo la maziwa ya unga limetobolewa matundu kwa msumari. Wa mbele anachota, analipitisha juu ya kichwa kwa wa nyuma yake, naye hivyo hivyo, mpaka wa mwisho amimine kilichobaki kwenye dumu. Unaruhusiwa kuziba matundu kwa vidole, lakini matundu ni mengi kuliko vidole, na hapo ndipo penye utamu. Ukishika vibaya unamwogesha mwenzako. Ukishika vibaya makusudi, zamu yako inakuja. Ndani ya robo saa walikuwa wameshatunga sheria zao: wafupi mbele, wenye viganja vikubwa nyuma, na asiruhusiwe tena yule bwana mdogo aliyekuwa anajaza mashavu maji na kuyatema dumuni. Watoto ambao mchana kutwa walikuwa wakigombania rimoti walikuwa wanapanga mikakati kama kamati ya harusi.

Sasa nimonia. Nimonia inaletwa na vimelea, bakteria na virusi, haiko kwenye kaptula mbichi. Mafua vilevile ni virusi. Mtoto aliyeloa saa kumi jioni kwenye joto hili anakauka kabla hujaipata taulo. Mwenye pumu au aliyeamka na homa, sawa, akae kivulini apewe firimbi awe refa, na refa wetu wa Jumamosi alipendelea waziwazi. Lakini kuwafungia ndani watoto wote wa mtaa kwa sababu ya ugonjwa ambao hauji kwa njia hiyo, hiyo siiti tahadhari.

Ninachotaka kusema hasa ni hiki, na hapa utani naweka pembeni. Watoto wetu wanakufa maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Hatuhitaji hata takwimu. Kila masika tunasikia: shimo lililochimbwa mchanga likaachwa wazi, dimbwi la nyuma ya machimbo ya kokoto, mto uliokuwa mfereji wiki iliyopita. Kila sikukuu tunasikia ufukweni. Na kila mara mzazi anasema maneno yale yale, kwamba alimkataza.

Alimkataza, naamini. Tulikatazwa wote. Sisi tuliokulia Tanga tunalijua vizuri jaribio la ukucha. Unarudi kutoka kuogelea ufukweni Raskazone umejikausha, shati kavu, uso wa malaika. Mama anakuita kwa upole wa kutia shaka, anakushika mkono, anakukwaruza kwa ukucha. Ukitoka mstari mweupe, kesi imekwisha, kilichobaki ni kutafuta fimbo. Tukajifunza basi. Tukajifunza kujisuuza kwenye bomba la msikiti, kujipaka mafuta ya nazi ya kuomba, kuficha nguo kavu kwenye mikoko, kuapa. Katazo lilitufundisha kila kitu isipokuwa kuogelea.

Na ubaya wake mkubwa ni kwamba mtoto anayeogelea kwa siri hana mtu mzima wa kumwangalia. Mwenzao akizidiwa na maji, waliobaki hawapigi yowe. Wanaogopa. Wanakimbia, wanakaa kimya, wengine wanaficha hata nguo za mwenzao, na mtu mzima wa kwanza anakuja kujua magharibi, baada ya kuulizana nyumba hadi nyumba mtoto yuko wapi. Hofu ya bakora imeshinda hofu ya kifo kwa mtoto wa miaka tisa. Tumeipanda sisi. Kwa hiyo nikimwona mtoto analoa mbele ya macho ya mama wanne waliokaa kwenye mikeka, akizoea maji usoni, akijifunza kubana pumzi kwenye beseni, akicheka maji yakimwingia puani badala ya kupapatika, namwona yuko salama kuliko aliyekaa mkavu kwenye kochi akisubiri mzazi asinzie.

Kopo lenye matundu halimfundishi mtu kuogelea, najua, msinichoshe. Linaondoa siri. Anayefundisha kweli mtazame Unguja: kule Nungwi mradi wa Panje umefundisha watoto kuelea, kuogelea na kuokoana, wasichana wakiwemo, ndani ya mavazi yanayofunika mwili mzima. Picha alizopiga mpigapicha Anna Boyiazis mwaka 2016 ziliwaonyesha wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini wakijifunza baharini Muyuni, na mwaka 2018 mfululizo huo ukapata tuzo ya World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari. Wanaotuambia mtoto wa kike akiloa anapoteza heshima, naomba wawaeleze hoja hiyo watu wa Nungwi. Na ninyi mnaowaita mabinti waje kuosha vyombo mchezo ukinoga wakati kaka zao wanaendelea kurushiana maji, tunawaona.

Bili ya maji? Hapo nakubali, shingo upande. Mwaka 2022 mto Ruvu, unaotupa maji, ulipopungua na mgao ukaja, mtu aliyemwaga ndoo nzima uani alistahili kusutwa. Lakini mistari miwili ilitumia ndoo mbili kwa jioni nzima, na yalikuwa maji ya kisima, yale ya chumvi ambayo hata chai inayakataa. Yaliyobaki yakaenda chooni na kwenye mchicha. Anayeosha gari kwa mpira kila Jumapili asinihesabie ndoo. Maji ya dimbwi na ya mtaro hayachezewi, kipindupindu si hadithi, na watu wa Mwanza watawaambia habari za kichocho ziwani. Maputo ya maji siyataki pia: dakika kumi za raha, halafu wiki nzima unaokota vipande vya mpira.

Tukiendelea, na tunaendelea, yapo mambo mawili sitabishana na mtu. Ndoo zote zinamwagwa na kufudikizwa mchezo ukiisha, hapo hapo, kabla ya kugawa juisi, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kimo cha kiganja huku mmegeuka kutafuta vikombe. Na mwenye zamu ya kuangalia anaangalia. Hasuki nywele, hashiki simu.

Jumamosi hii tutaanza saa kumi, jua likipunguza ukali. Kuna nguo za kubadilisha za ziada kwa wanaotoroshwa na dada zao bila ruhusa. Tumepungukiwa dumu moja la mstari wa tatu, maana idadi imeongezeka. Mwenye nalo alilete, ila lisiwe lililowekewa mafuta ya taa.