Mkilipia kongamano la afya ya akili, mwiteni na bwana mifugo

Rafiki yangu mmoja anayefanya utafiti hapa Mbeya aliniletea andiko lake la kuomba fedha nimsaidie kunyoosha Kiswahili. Yeye na wenzake wanataka kuitisha kongamano la kisayansi kuhusu ugumu wa magonjwa ya akili: kwa nini ugonjwa mmoja una mizizi kumi, na kwa nini watu wawili walioandikiwa jina lilelile la ugonjwa hawafanani hata kidogo. Mimi nikaruka kurasa zote, nikaenda kwenye bajeti. Ukumbi, chai ya saa nne, tiketi za ndege hadi Songwe, posho, mabegi ya kubebea makabrasha.

Zamani ningesonya na kumrudishia. Nilikuwa katika wale wanaosema hela za semina zikanunue dawa, na hoja hiyo bado ina uzito. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema serikali duniani, kwa wastani, huipa afya ya akili kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya. Ukitoa kwenye hicho kidogo ukanunulie mabegi, unamuudhi hata mtu mpole.

Aliyenigeuza ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, kule Mbozi. Ilianza enzi Mbozi ikiwa bado mkoa wa Mbeya. Alianguka jikoni, akatupa miguu, povu mdomoni. Baada ya miezi kadhaa akaanza kuzungumza na watu ambao sisi hatukuwaona, usiku anafunga mlango kwa jembe. Shangazi akasema karogwa kwa ajili ya shamba la kahawa, na kwa kweli ugomvi wa mpaka ulikuwepo. Mchungaji akaja, akaomba, akaondoka. Mganga akaondoka na mbuzi. Zahanati wakatupa vidonge vya kifafa, vikapunguza kuanguka, yale mengine yakabaki.

Mwishowe daktari mmoja akataka apigwe picha ya kichwa, kipimo ambacho ilibidi tukichangie kama harusi. Picha ikaonyesha vifuko vidogo kwenye ubongo: tegu wa nguruwe.

Hapa nieleze kidogo, maana wengi tunakosea. Ukila kitimoto kisichoiva vizuri, chenye vile vijidude vyeupe kama punje za mchele, unapata tegu tumboni. Huyo wa tumboni hana makuu. Hatari iko kwenye mayai yake yanayotoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa maji, mboga au mikono michafu, vifaranga hupita kwenye damu na wanaweza kutuama kichwani. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua, kwa sababu jirani hana choo na nguruwe wanazurura. Nyanda za Juu Kusini tunafuga nguruwe kwelikweli. Kifafa ndicho kinachojulikana zaidi, lakini wapo wanaovurugikiwa na akili pia.

Sasa niambieni, ugonjwa wa kaka ni wa nani? Wa daktari wa akili? Wa bwana afya anayekagua vyoo? Wa bwana mifugo? Alitibiwa minyoo, kifafa kikatulia. Hofu na huzuni havikuondoka, maana kijiji kilishampachika jina la kichaa, mchumba akaondoka, na ulanzi akaugeuza dawa ya usingizi. Ukimtazama leo huwezi kusema mnyoo unaishia wapi na upweke unaanzia wapi. Ugumu ulioandikwa kwenye lile andiko kwa maneno mazito, mama mkubwa anaujua kwa kuupikia uji.

Wenye maabara nao wamekutana na ugumu huo kwa njia yao. Utafiti mkubwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, uliotoka mwaka 2022 ulikuta sehemu 287 za vinasaba zinazohusishwa na ugonjwa huo, kila moja ikiongeza hatari kidogo sana. Tena wengi wa waliopimwa wana asili ya Ulaya. Damu ya Mnyakyusa au Mhehe haikuwa na nafasi kubwa mezani.

Wala si kwamba Mhehe hakuwahi kuulizwa. Mwaka 1966 mwanaanthropolojia Mmarekani, Robert Edgerton, alichapisha utafiti wa jinsi Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei wanavyomtambua mtu mwenye kichaa. Wakahojiwa, wakajibu, yakachapishwa Marekani kwa Kiingereza. Nani Iringa ameyasoma?

Ndiyo maana nimemwambia rafiki yangu: omba hizo fedha, ila bajeti uipindue. Tiketi mbili za ndege zinalipa nauli za Coaster kutoka Vwawa, Tukuyu na Makambako kwa watu wengi tu. Walete wauguzi wa zahanati, bwana mifugo, mganga mmoja asiye mwongo (yupo, tafuta), na ndugu wa wagonjwa. Weka mkalimani. Mabegi futa. Thomas Lambo, daktari wa Nigeria, aliitisha kongamano la Afrika nzima la magonjwa ya akili pale Abeokuta mwaka 1961. Huyo tangu mwaka 1954 alikuwa akitibu wagonjwa wa hospitali ya akili ya Aro, hapohapo Abeokuta, huku wakikaa vijijini na ndugu zao, na waganga wa jadi aliwashirikisha. Kwa hiyo sijamwomba rafiki yangu jambo geni.

Amekubali nauli, kwa mganga bado anasitasita. Juzi nilimpigia kaka, nikamuuliza kama akialikwa ataweza kuja kuongea mbele ya madaktari. Akanyamaza kidogo.

"Wasiweke mwezi wa saba tu," akasema. "Kahawa itakuwa imeiva."