Alama ya X ukutani: nani kaichora, na kwa sheria ipi?

Rangi nyekundu, herufi moja, pengine neno BOMOA na tarehe chini yake. Kwa wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, hiyo ndiyo barua ya kwanza ya serikali kuhusu nyumba yao, nayo imeandikwa ukutani kwa brashi. Haitaji kifungu cha sheria wala kipimo kilichovunjwa, na mara nyingi haisemi kama kosa linarekebishika au la.

Kila ubomoaji unapotangazwa, mabishano huwa yale yale. Wapo wanaosema sheria iko wazi, aliyejenga pasiporuhusiwa abomoe kwa gharama zake. Wapo wanaouliza serikali ilikuwa wapi miaka 20 yote watu walipokuwa wakijenga, wakivutiwa umeme na kulipa kodi. Pande zote mbili zina hoja nzito. Lakini zinazungumza kana kwamba kosa ni moja, ilhali chini ya X ileile kunaweza kuwa na kosa la mahali, la kipimo, la karatasi au la uimara wa jengo. Kila moja lina mamlaka yake na dawa yake. Maoni yangu ni kwamba ukali unastahili penye hatari ya uhai na penye hifadhi (ukanda uliotengwa kando ya barabara, reli au mto) ambayo mipaka yake inaonekana. Kwingineko, X isiyo na maelezo inamwonea mwenye nyumba hata pale sheria inapokuwa upande wa aliyeichora.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma ni jina la aliyechora. TANROADS wanasimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyoanzishwa 2017, inasimamia barabara za mijini na vijijini. NEMC, yaani baraza la mazingira, na mamlaka za mabonde wanahusika na mito na fukwe, TRC na hifadhi ya reli, TANESCO na njia za umeme mkubwa, halmashauri na kibali cha ujenzi. Ukienda kulalamika halmashauri kwa X ya TANROADS, umepoteza siku zako, na siku zenyewe ni chache.

Makosa ya barabarani ndiyo yanayochanganya watu zaidi. Kwa muda mrefu hifadhi ya barabara kuu ilihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 ikaipanua hadi mita 30 kila upande, yaani upana wa mita 60 kwa jumla. Hapo kukazaliwa ukanda wa mita 7.5 ambao wamiliki wake hawakuvamia kitu: barabara ndiyo iliyowafuata. Ndiyo maana TANROADS hutumia rangi mbili. X nyekundu humaanisha uko ndani ya hifadhi kinyume cha sheria, hakuna fidia. X ya kijani humaanisha uko kwenye eneo lililoongezwa, hutakiwi kuendeleza ujenzi, na eneo likihitajika utathminiwe na ulipwe.

Chukua ukuta ulio mita 26 kutoka katikati ya barabara. Kama ulisimama kabla ya sheria mpya, unastahili kijani. Kama ulijengwa baadaye, ni nyekundu. Tofauti yote iko kwenye tarehe, na tarehe huthibitishwa kwa karatasi: hati au barua ya toleo, hati ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa, risiti za zamani za kodi ya jengo, mkataba wa kuunganishiwa umeme. Picha za satelaiti za miaka iliyopita kwenye Google Earth nazo zinasaidia, kwa sababu zinaonyesha paa likiwepo au halipo.

Kipimo chenyewe kina mtego. Watu hupima kutoka ukingo wa lami, sheria hupima kutoka katikati. Na barabara ikipanuliwa upande mmoja, katikati ya lami unayoiona leo si lazima iwe mstari uliotumika kuweka hifadhi. Pima wewe mwenyewe kwa tepu ya mita 50, watu wawili, tepu ikiwa imenyooka na kuikata barabara kwa pembe mraba, halafu uliza kwa maandishi mstari wa katikati uliotumika ni upi. Tofauti ya mita 2 inaweza kuhamisha nyumba nzima kutoka rangi moja hadi nyingine. Kama kipimo kina utata, mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aoanishe bikoni zako (alama za mipaka ya kiwanja) na ramani ya barabara. Ripoti yake ina uzito ambao tepu yako haina.

Tena si barabara zote zina mita 30. Mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, hifadhi iliyodaiwa ilikuwa mita 121.5 kila upande, yenye asili kwenye sheria ya mkoloni ya 1932. Kisheria hoja ya serikali ilikuwa na mashiko. Lakini hifadhi ya upana huo mnunuzi wa kawaida hawezi kuiona kwa macho wala kuisikia kwa dalali. Anayetaka sheria ile iheshimiwe anapaswa kwanza kuifanya ionekane kwa nguzo za zege zinazosimama mahali pake na ramani iliyobandikwa ofisi ya mtaa, ili mtendaji asishuhudie mauziano ya kiwanja kilicho ndani ya mstari.

Kwenye mito, kipimo ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa, na kingo za bwawa. Hapa hoja ya usalama ni nzito kuliko popote, maana maji hayana utaratibu wa rufaa. Tatizo ni kwamba ukingo unatembea. Mito ya Dar es Salaam inakula kingo zake kila masika, ikisaidiwa na uchimbaji wa mchanga. Nyumba iliyojengwa mita 75 kutoka mtoni inaweza leo kuwa mita 45 bila kusogea hata inchi. Mwenye nyumba hiyo hana kosa alilotenda, ila ana hatari iliyomfikia, na ingefaa sheria itofautishe mambo hayo mawili.

Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, linaonyesha gharama ya kutotofautisha. Desemba 2015 X nyekundu zilichorwa na nyumba zikavunjwa bila fidia. Miaka michache baadaye ukaja mradi wa kuendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na wakazi wa bonde hilohilo wakafanyiwa tathmini na kulipwa. Watu wa bonde moja, mafuriko yaleyale, lakini waliokuja kuhamishwa baadaye walilipwa. Wanaotetea ukali wanasema fidia kwa mvamizi inawaalika wavamizi wengine, na hiyo ni hofu ya kweli. Hata hivyo huwezi kuwashawishi watu kwamba kanuni ni kanuni wakati matokeo yanategemea nani analipia mradi.

Halafu kuna karatasi. Kosa linaloandikwa zaidi na halmashauri ni kujenga bila kibali, na hapa wenye nyumba wanapotoshwa na maneno. Hati miliki inasema ardhi ni yako kuitumia kwa masharti fulani. Haikuruhusu kujenga. Kibali cha ujenzi kinaruhusu kujenga kwa michoro iliyopitishwa, hakikuruhusu kuhamia. Hati ya kutumia jengo, inayotolewa baada ya ukaguzi wa mwisho, ndiyo inayosema jengo linafaa kukaliwa, na wengi hawajawahi kuiona wala kuiomba. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla), mita ya maji na kibao cha anuani ya makazi haviingii kabisa kwenye mlolongo huu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na watu wengi wanaamini anayekatwa kodi ametambuliwa. Si hivyo, kodi haihalalishi jengo. Lakini serikali nayo ielewe jinsi jambo hili linavyoonekana kwa anayelipa: mkono mmoja unapokea, mwingine unachora X.

Maombi ya kibali huhitaji fomu, michoro ya jengo, uthibitisho wa umiliki na risiti ya kodi ya ardhi. Jengo la ghorofa linaongezewa michoro ya vyuma ya mhandisi. Siku hizi maombi hupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Kinachokwamisha zaidi ni matumizi: hati inasema makazi, mchoro una fremu tatu za maduka mbele. Hapo omba kwanza mabadiliko ya matumizi ya ardhi, la sivyo mchoro utarudishwa hata ukiwa mzuri namna gani. Cha pili ni nafasi ya kuacha kati ya jengo na mpaka, ambayo hutofautiana na aina ya eneo. Isome kwenye ramani ya mipango miji ya kitalu chako, usichukue kipimo cha jirani. Na ukumbuke kwamba paa linalotokeza nalo linahesabika pale maji yake yanapomwagikia kiwanja cha mwenzio.

Sheria hapa haiendani na maisha. Kibali kinatakiwa kuanza kutumika ndani ya miezi 6 na muda wake ni miezi 36. Mtanzania wa kawaida anajenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka kesho tofali hadi linta, bati likingoja mafao au mavuno. Kibali kinaisha nyumba ikiwa haijaezekwa, na aliyefuata utaratibu mwanzo anajikuta sawa na asiyeufuata kabisa. Kuhuisha kibali kabla hakijaisha ni rahisi kuliko kujieleza baadaye. Ila ingefaa pia kibali cha nyumba ya kawaida ya familia kitolewe kwa hatua, msingi hadi jamvi, kisha kuta, kisha paa, kila hatua na ukaguzi wake. Kosa la karatasi kwenye jengo imara, lililo ndani ya mipaka yake, dawa yake ni faini na michoro inayoonyesha jengo lilivyo, na kulivunja jengo la namna hiyo ni kuharibu mali bila kumlinda mtu yeyote.

Kosa la uimara ni habari nyingine, na hapa nasimama na wakaguzi bila kusita. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 liliua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa likaanguka Kariakoo, jijini humohumo, na kuua watu zaidi ya 20. Mkaguzi anapotaka kuitwa kabla ya zege kumwagwa, hatafuti posho. Anataka kuona kitu ambacho baada ya saa chache hakitaonekana tena: kipenyo na idadi ya nondo, nafasi kati ya ringi na ringi (vyuma vinavyozifunga nondo), urefu wa maungio, na kama kuna biskuti za kuinua nondo ili zege lizifunike chini. Nondo iliyolala juu ya mbao ya chini itapata kutu, itavimba, itapasua zege kutoka ndani.

Kosa la hatari kuliko yote kwa mwenye nyumba ni kuongeza ghorofa juu ya nyumba iliyopewa kibali cha chini tu. Nguzo zenye nondo nne za milimita 12 zilikusudiwa kushika linta na paa la bati. Ukiziongezea slabu, uzito hauishii kwenye nguzo, unashuka hadi msingi ambao haukuchimbwa kwa kazi hiyo. Ukipewa ilani ya kusimamisha ujenzi kwa sababu hiyo, simamisha siku hiyohiyo. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa apime zege lililopo, kwa nyundo ya kupima ugumu na kwa vipande vilivyokatwa kupelekwa maabara, na afukue msingi auone. Majibu yakiwa mabaya, kubomoa ghorofa ya juu ndiyo nafuu.

Ilani ikifika, iwe ya barua au ya rangi, kinachobaki ni kuhesabu siku. Piga picha alama ikiwa na tarehe, andika barua ya pingamizi kwa mamlaka iliyochora ukiomba kifungu cha sheria, kipimo na mahali kilipopimiwa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mtego mkubwa uko mahakamani. Ilani inaweza kukupa siku 7, 14 au 30, lakini sheria ya mashauri dhidi ya serikali inataka utoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Tangu marekebisho ya 2020, utaratibu huo unahusu pia halmashauri na wakala za serikali, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye shauri. Anayesubiri siku 90 ziishe atakuta kifusi. Njia inayotumiwa na mawakili ni kutoa notisi mara moja na wakati huohuo kuiomba Mahakama Kuu amri ya Mareva, zuio la muda linalotolewa kabla kesi yenyewe haijafunguliwa. Mahakama itataka kuona umiliki, ilani, notisi uliyotoa na hasara isiyoweza kurudishwa kwa pesa, kwa hiyo nyaraka hizo ziwe kwenye bahasha moja siku unayomwona wakili, hata kama rangi ukutani bado haijakauka.