Sitaki Iandikwe, Nataka Ilipwe

Leo siku ya nne natafuta nukta mkato. Sijapoteza simu, sijapoteza kitambulisho. Nukta mkato, kale kanukta kenye mkia ambako shuleni ukikasahau mwalimu anakata nusu maksi, maisha yanaendelea. Huku ninakojifunza kutengeneza tovuti kwa kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, ukikasahau unakatwa bando la wiki.

Na kompyuta haisemi! Mtu mstaarabu ukimkosea anakutukana, mnaelewana, yanaisha. Hii CSS, lugha ya kuipa tovuti rangi na sura, ukiikosea inanyamaza kama mgeni aliyekuta mboga haina chumvi. Juzi nimeandika "colour", kama nilivyofundishwa, tena kwa fimbo, kwamba ukiacha ile "u" wewe ni mbumbumbu. Rangi haikutokea. Saa tatu nzima! Kumbe wao wanaandika "color", Kimarekani. Wavuti kabuni Mwingereza, Tim Berners-Lee, mwaka 1989. CSS kaipendekeza Mnorwei, Håkon Wium Lie, mwaka 1994. Sasa Mmarekani kaingilia wapi, na fimbo zangu ananirudishia nani?

Luku sisemi. Spika ya jirani sisemi.

Yote hayo nilikuwa nayabeba kwa heshima ya mtaalamu, mpaka jana asubuhi mama mwenye nyumba alipogonga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia siku hizi hutoki, unaandika kodi."

Kichwa kikanivimba. "Ndiyo mama. Usiku na mchana."

"Mimi sitaki iandikwe, baba. Nataka ilipwe. Mwezi wa tatu huu."

Nikaona huyu ni wa kuelimishwa. Nikampa kigoda, nikamfungulia ukurasa wangu: KARIBU, herufi nyeupe juu ya njano. (Ndiyo, hazisomeki. Ndiyo maana naitafuta hiyo nukta mkato.) Nikamwambia, "Mama, hii ni tovuti. Itasomwa dunia nzima."

Akavaa miwani, akaikagua kama fundi anayetafuta ufa ukutani. "Mbona umeandika Karibu na mlango sioni?"

"Mlango unakuja, mama."

"Haya, nitumie kwenye simu nimwoneshe mwanangu aliyeko Mwanza."

Nikanakili anwani yote iliyokuwa juu kwenye kivinjari, nikamtumia WhatsApp. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kimya. Akaanza kuisoma kwa sauti, herufi moja moja: "Fa-i-le, nukta mbili, mkwaju, mkwaju, mkwaju..." Akanitazama juu ya miwani. "Mikwaju mitatu. Na bado hujalipa."

"Mama, kwa sasa bado iko ndani ya kompyuta tu."

"Kompyuta iko wapi?"

"Humu chumbani."

"Chumba cha nani?"

Nikatazama dari.

"Kwa hiyo humu mnakaa wawili, wewe na tovuti. Kodi ya mmoja. Na hiyo ya mmoja hamlipi."

Jamani! Mtu mzima, miaka 34, nasimangwa mbele ya ukurasa niliouzaa mwenyewe! Wanaosema "jifunze nyumbani, ni bure" wana nyumba. Mimi nina chumba, tena cha mtu. Kompyuta inajua rangi zaidi ya milioni 16, mimi nimeambulia njano, na hiyo njano nimeisotea siku nne, halafu mtu anauliza mlango!

Alipotoka ndiyo nikasikia harufu. Maharage. Yameshika sufuria mpaka mpini unanuka. Na maharage yenyewe siku hizi kilo haitoshi watu wawili, sembuse mtu na tovuti. Yule wa dukani anapima kwa kopo lile lile la zamani, ila kitako amekigonga nyundo kimeingia ndani. Nimekiona kwa macho yangu. Nimemwambia. Anasema kopo halina kitu, ni macho, eti nakaa sana kwenye kompyuta.