Riwaya ya Mombasa ya kesho isizinduliwe kwa orodha ya dhamira

Uzinduzi wa riwaya hapa Mombasa mara nyingi huenda hivi: mgeni wa heshima ahutubie, mchapishaji ahutubie, kisha mwandishi aulizwe dhamira za kitabu chake. Azitaje: ufisadi, mazingira, nafasi ya mwanamke. Adhana ya Magharibi inamkuta hajasoma hata ukurasa mmoja. Riwaya ya maisha ya kawaida huenda ikastahimili hayo. Inayobuni dunia nyingine haiwezi, kwa sababu msomaji wake anataka kwanza kujua mwandishi amegeuza nini, na hicho alichogeuza kimevuta nini nyuma yake.

Tuseme mwandishi amepandisha bahari mita 1. Pupa itamtuma aizamishe Ngome ya Yesu sura ya kwanza. Lakini ngome ile, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na hata leo tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupita mita 3. Mita 1 itakula mwamba kwa chini, haitaimeza ngome. Bahari itaingia kwa mlango mwingine: itapenya kwenye matumbawe hadi visimani. Mama anayefua uani ndiye atakayejua wa kwanza, pale sabuni itakapokataa kutoa povu.

Halafu kuna Likoni, ng'ambo ya kusini, ambako watu huvuka kwa feri kuingia kisiwani. Maji yakifunika mteremko wa gati siku za bamvua, kivuko kitafuata mwezi. Bamvua huja baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na saa ya maji kujaa huchelewa kama dakika 50 zaidi kila siku. Kwa hiyo kibarua wa Likoni atachelewa kazini Jumatatu kwa saa moja, na Jumanne kwa karibu saa mbili, na msimamizi aishiye kisiwani hatamwelewa. Hapo pana kisa kizima. Pana pia tabaka na haki, bila mtu kuyatamka. Kisiwa hunywa maji yatokayo bara, ya chemchemi za Mzima yakiwemo. Visima vikiharibika, mwenye mkokoteni wa mitungi ya lita 20 atapanga bei, na mwenye mfereji atapanga siasa.

Haya ndiyo ya kuonyeshwa ukumbini. Waanze baada ya Alasiri, na hotuba zisizidi dakika 10 zote pamoja. Mwandishi asome maneno kama 700, yaani dakika 6 hivi kwa mwendo wa utulivu, kutoka katikati ya kitabu ambako kanuni ya dunia hiyo inafanya kazi tayari. Sura ya kwanza haifai: imejaa maelezo, na sikio haliwezi kufunua ukurasa wa nyuma. Majina ya kubuni yasizidi matatu katika kipande hicho. Likifika la nne watu huanza kutazama simu.

Jukwaani, badala ya mhakiki wa pili, namtaka nahodha. Pwani haikosi urithi wa riwaya za kubuni dunia nyingine, Katama Mkangi alitoa *Walenisi* 1995, na wahakiki wa kuizungumzia wapo. Ila nahodha atauliza: siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, kivuko chako kinavuka saa ngapi? Mwandishi aliyefanya kazi yake atamjibu, na jibu hilo litauza nakala kuliko hotuba zote.