Eti Hiyo Siyo Yenyewe

Kuna wapiga gitaa wananichosha. Unapiga solo tamu kupitia kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya ya Marshall, chapa maarufu ya Uingereza, watu wanatikisa vichwa, halafu anakuja mmoja na uso wa hakimu: "Hiyo siyo Marshall ya kweli." Umeipenda lakini? Hajibu.

Marshall ipi, kwanza? Zile za miaka ya 1960 zilifungwa vipuri ambavyo vingeweza kupishana na thamani iliyoandikwa kwa asilimia 10, hata 20. Mbili za mwaka mmoja zingeweza kutofautiana masikioni. Ongeza vali (zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya) zilizochoka, spika zilizolegea, umeme unaopanda na kushuka. Na JTM45 yenyewe, amplifaya ya kwanza ya Marshall, iliyozaliwa London mwaka 1962, iliiga kwa karibu mno saketi ya Fender Bassman, amplifaya ya Marekani. Leo nakala ndiyo asili!

Sibishi, vipo vifaa vinavyoiga ovyo: unapunguza volyumu ya gitaa, mkwaruzo wa sauti haulainiki kama kwenye amplifaya ya vali. Hiyo ni kasoro, mkono unaihisi. Lakini huyu bwana anasikiliza kwa macho. Siku hizi akiniuliza natumia amplifaya gani, namtajia yoyote ya zamani. Anaridhika kabisa.